Malkia wa Mama Simone

Karibu na kazini kwangu kuna duka la viungo ambalo mwenyewe ana tabia ya kuacha gunia la karkade wazi mlangoni. Karkade ni yale maua mekundu yaliyokaushwa, machachu, ambayo watu hutengenezea kinywaji. Peke yake hayanisumbui. Lakini ikitokea siku hiyo kuna mtu ndani anaponda tangawizi, harufu hizo mbili zikikutana, inabidi nisimame pembeni nijifanye naangalia simu. Mimi si mtu wa kulialia barabarani, na sipendi kuulizwa maswali na wapita njia.

Harufu hiyo ni ya Mama Simone. Alikuwa jirani yetu Doha, mtaa wa Mansoura, mlango wake ukitazamana na wetu, katika ghorofa ambalo mashine zake za ubaridi zilidondoshea maji watu waliopita chini mwaka mzima. Alitoka Jamaika. Alikuwa mwalimu katika shule niliyosoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumsimamisha mtoto aliye upande wa pili wa uwanja. Jina lake hasa lilikuwa Merlene. Lakini mama yangu, muuguzi aliyezaliwa Nyeri, alimwuliza siku ile ile ya kwanza ana watoto wangapi, akajibiwa ana binti mmoja, Simone, yuko Birmingham. Basi, yakaisha. Kuanzia hapo Wakenya wote wa ghorofa lile walimwita Mama Simone. Alituambia kwao mtu haitwi hivyo. Mwanzoni alicheka, kisha akazoea, na siku moja nikamsikia akipokea simu ya mtu wa mabomba na kusema, kwa Kiingereza chake cha Jamaika kilichopanda na kushuka, kwamba anayezungumza ni Mama Simone.

Krismasi ikikaribia alinunua karkade sokoni, akaichemsha na tangawizi nyingi, akaiacha ilale, akatuletea kwenye jagi la kioo. Alisema kwao Krismasi bila kinywaji hicho si Krismasi. Baba yangu alikunja uso kila mwaka, na kila mwaka alimaliza glasi mbili.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Makanisa yalijaa siku hiyo kwa sababu ndiyo siku watu hawaendi kazini, na tukitoka ibadani Mama Simone alikuja kwetu kula chapati. Wakishashiba, yeye na baba walianza ugomvi wao. Baba alishughulikia kompyuta za kampuni moja ya ujenzi kule Lusail, mtu mtaratibu, mtu wa kumwomba paka ampishe. Lakini ukitaja Malkia wa Uingereza mbele yake, alisogeza kiti mbele.

"Nieleze tena, Mama Simone," alisema. "Mlipata uhuru, mkapandisha bendera, mkacheza. Halafu mkamwacha yule mama akae pale pale juu, mkuu wa nchi yenu mpaka leo. Kwa nini?"

"Kwa sababu hatusumbui," Mama Simone alijibu. "Yuko mbali, hali chakula chetu, hagombei kura. Nyinyi mlimwondoa mkawa jamhuri, mkapata nini? Mkamweka mtu wa kwenu kwenye kiti, naye akagoma kushuka."

Hapo baba alicheka, maana alikuwa ameguswa penyewe. Nilipenda kusikiliza. Mama Simone alisema nchi isiyo na mtu aliye juu ya wanasiasa itauzwa na wanasiasa. Alisema baba yake alikuwa polisi Kingston, alikula kiapo kwa Malkia, na hakuwahi kupokea rushwa hata ya embe moja. Baba alisema mtu mzima hawezi kuwa na nyumba yake halafu funguo zikakaa kwa jirani. Mama Simone alisema jirani huyo angalau hakuwahi kuingia jikoni.

"Kwetu aliingia," baba alisema siku moja. Hakuwa akicheka tena. "Mama yangu amekulia ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro wa miiba. Wakati wa Mau Mau walitolewa kwao wakafungiwa humo, na askari waliowalinda walikuwa wameapa kwa Malkia huyo huyo wa baba yako."

Mama akasema chai inapoa. Mama Simone aliangalia kikombe chake. "Hilo lilikuwa baya, Baba Nyambura," alisema. "Hilo sina jibu lake." Wakanywa chai. Ijumaa iliyofuata walianza upya kama kawaida, ila tangu siku hiyo baba hakuutaja tena ule mtaro, na yeye hakumtaja tena baba yake polisi kwa majivuno yale.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya Simone aliyoipenda kuliko vitu vyote vya ile nyumba. Simone alikuwa amepewa uraia wa Uingereza, na kwenye sherehe yenyewe walimpiga picha amesimama kando ya picha kubwa ya Malkia, amevaa suti ya kijani, meno yote nje. Mama Simone alitueleza kwamba kabla ya kupewa uraia, Simone aliinua mkono akaapa kumtii Malkia.

"Lakini si alizaliwa chini yake?" baba aliuliza. "Ni Malkia wenu. Anaapaje tena?"

"Aliapa tena," alisema Mama Simone. Baba akafungua mdomo, mama akamkanyaga mguu chini ya meza, na yakaishia hapo.

Sasa niseme mimi nilielewa nini, kwa sababu ndilo jambo linaloniuma mpaka leo nikisimama kwenye lile duka. Nilikuwa mtoto wa Doha. Wafalme sikuwajua kutoka vitabuni. Picha ya Amiri ilikuwa kwenye vioo vya magari, kwenye mabenki, kwenye keki za sikukuu. Darasani nilikaa na Maryam, Mqatari, kwao Muaither, msichana mkarimu aliyenigawia tende zake kila asubuhi. Bibi yake aliugua moyo, na Maryam akanieleza, bila kujisifu, jinsi mtu anavyoeleza kwamba kesho kuna hesabu, kwamba Amiri amempeleka Ujerumani kutibiwa. Ndege, hospitali, hata hoteli ya shangazi yake aliyemsindikiza. Bibi akarudi amepona, akatuletea chokoleti.

Basi nikajua mfalme ni nini. Mfalme ni mtu anayewajua watu wake na kuwatumia ndege wakiugua. Nikajumlisha na yale ya Ijumaa, nikapata jibu langu. Watu wa Jamaika walikuwa na akili. Sisi tulikuwa na mwenye ndege, tukamfukuza. Nilimhurumia baba yangu kwa kutolijua jambo rahisi hivyo, na nilimhurumia zaidi bibi yangu wa Nyeri, aliyekuwa na miguu inayovimba na hakuna mtu wa kumpeleka Ujerumani.

Simone akaugua. Sikuambiwa, nilisikia jikoni, mama akimweleza baba kwa sauti ya hospitali kwamba ni saratani ya damu na kwamba imechelewa kujulikana. Mama Simone alitaka jambo moja tu duniani, afike Birmingham mwanawe akiwa bado anaweza kumtambua. Siku hizo mgeni hakutoka Qatar bila ruhusa ya mwajiri wake, na watu wengi waliisotea ruhusa hiyo, lakini mkuu wa shule alimpa yake bila kinyongo na kumwambia aende salama. Kilichobaki ni viza ya Uingereza.

Neno viza lilinishangaza. "Viza ya nini?" nilimwuliza mama. "Si anaenda kwa Malkia wake?"

"Wajamaika nao wanaomba, kama sisi," mama alisema. "Hebu nipe hicho kitunguu."

Niliona wazi kwamba kuna kosa. Nikafikiri ni watu wa getini tu, hawajaambiwa ni nani anayekuja. Kesho yake nikamwuliza Maryam kama Amiri anaweza kumwazima Mama Simone ndege, kwa muda tu, mpaka Malkia apate habari. Maryam hakucheka. Alisema atamwuliza baba yake, na kweli alimwuliza, akaniletea jibu wakati wa mapumziko. Baba yake amempa pole mwalimu, na amesema kila watu wana mkubwa wao wa kumwendea.

Nililibeba jibu hilo mpaka nyumbani kwa furaha, kwa sababu kwangu lilikuwa habari njema. Mama Simone alikuwa amekaa kitandani mlango ukiwa wazi, anakunja sweta nzito ambazo Doha huwezi kuzivaa.

"Anti," nilimwambia, "mwambie Malkia mwenyewe. Wale wa viza hawakujui. Malkia atatuma ndege."

Aliiweka sweta chini. Alikuwa mwalimu, alijua kusahihisha watoto, na angeweza kunisahihisha. Akanivuta karibu akanifunga kifungo cha sare kilichokuwa wazi. "Haya, Nyambu," alisema. "Nitamwambia." Nikaenda kucheza.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa vumbi, lile vumbi linaloingia hata kwenye friji. Aligonga kwetu akiwa bado na mkoba begani na kumpa baba karatasi. Baba akasoma kwa sauti ndogo. Walisema hawajaridhika kwamba akiingia Uingereza atatoka. Wakamnyima.

"Atatoka aende wapi?" mama aliuliza, akiwa hamwulizi mtu yeyote. "Mtoto anakufa, nani anafikiria kutoka?"

Baba akachukua simu. Alitafuta namba ya ofisi ya viza, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akasikilizishwa muziki, akangoja amesimama katikati ya sebule. Alipompata mtu, alianza kwa upole wake wa kila siku. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Huyu ni mtu wenu," alisema. "Nisikilize tafadhali. Malkia ni mkuu wa nchi yake mpaka leo hii. Baba yake alikula kiapo kwa Malkia. Binti yake amekula kiapo kwa Malkia. Yeye mwenyewe alimwombea Malkia kila asubuhi shuleni tangu akiwa mdogo kuliko huyu mwanangu. Mnamfungiaje mlango mtu wenu wenyewe?"

Mtu ambaye mama yake alikulia nyuma ya miiba alikuwa pale, jasho likimtoka, akiomba kwa jina lile, akiwa tayari kulibusu kama lingefungua mlango. Nilijivunia sana. Nilidhani amekuja upande wetu hatimaye, upande wangu na wa Mama Simone.

"Kata simu," Mama Simone alisema.

"Ngoja, anamwuliza mkubwa wake."

"Baba Nyambura, kata simu. Usiniombee kwa jina lake." Hakupandisha sauti. "Kama ningekuwa mtu wake, wewe usingehitaji kupiga hiyo simu."

Baba akakata. Mama akampeleka Mama Simone jikoni akamkalisha, na sisi tuliobaki sebuleni tulisikia sufuria tu.

Waliomba tena, wakaambatanisha barua ya madaktari, na kungoja kukaanza upya. Simone alipatikana kwenye kompyuta ya baba, picha ikikatikakatika, kitambaa kichwani, uso umekuwa mdogo. Alituambia nyumba yetu inaonekana na joto, angependa kuja. Mama Simone alimsimulia mambo ya shule, nani amemwagia nani rangi, nani amejificha chooni. Alisimulia kwa furaha kabisa, na chini ya meza, mahali ambapo kamera haikufika, mkono wake ulishikilia goti la mama yangu.

Siku yenyewe nilikuwa darasani karibu na dirisha. Nilimwona akitoka ofisini na kuukata uwanja katikati, jua la saa sita, mahali ambapo hakuna mtu anayepita saa hizo kwa sababu lami inachoma mpaka kwenye soli. Alitembea polepole, bila kofia, simu ikiwa mkononi. Alifika kwenye geti, akasimama, hakutoka. Mlinzi, kijana wa Uganda, alimletea kiti chake mwenyewe akakaa. Maryam akanishika mkono. Nadhani sote wawili tulielewa wakati mmoja, ingawa hakuna aliyetuambia.

Wakenya wakafanya wanachojua kufanya. Wakaja. Wengine walitoka Muaither, wengine walishuka tu ngazi, wauguzi wakiwa na sare zao, madereva, wasichana wa kazi waliopewa saa moja tu ya kutoka. Viatu vikajaa korido. Walikaa chini na kuimba kwa sauti ya chini ili majirani wasilalamike, wakapika, wakamlisha kwa nguvu, wakampeleka kuoga alipokataa kuoga. Alisema kwao pia watu hukaa na mfiwa hivyo. Bila viza, hakuweza kwenda kuzika. Aliangalia mazishi ya mwanawe kwenye kompyuta ya baba, sote tumejazana nyuma yake, na katikati ya wimbo picha iliganda, watu wa Birmingham midomo wazi, na ikakaa hivyo mpaka ikazimika.

Nilingoja mpaka alipobaki peke yake kwenye kochi, nikamwendea.

"Anti, Malkia alisemaje?"

"Sikumwambia, Nyambu."

"Kwa nini?"

"Hanijui," alisema. "Hajui kwamba nipo." Alilisema bila ukali, akanipangusa pua kwa kiganja, maana nilikuwa nimeanza kulia. Sikuwa nikimlilia Simone, niseme ukweli. Simone nilimjua kwenye kioo cha kompyuta tu. Nililia kwa sababu mtu mzima alikuwa amependa kitu maisha yake yote, kwa picha ukutani na kwa maombi ya asubuhi, na kitu chenyewe hakikuwa na habari naye. Siku hizi wenzangu hubishana kwenye simu kila nchi mojawapo ikitaka kumwondoa mfalme yule wa mbali na kuwa jamhuri, na wote wana hoja nzuri. Mimi hukaa kimya. Hoja zote nilizisikia nikiwa mdogo, juu ya sahani ya chapati, kutoka kwa watu wawili waliopendana.

Baada ya matanga mama alifanya kosa ambalo ni Mkenya tu angelifanya. Aliwakusanya wanawake wa ghorofa na kusema tusimwite tena Mama Simone. Kwetu mwanamke hubaki na jina la mtoto hata mtoto akifa, mama alilijua hilo, lakini huyu alikuwa na mmoja tu, na kila tukimwita tunamchoma kisu pale pale. Wakakubaliana. Kuanzia siku hiyo kwenye ngazi ilikuwa "Habari za asubuhi, Miss Merlene." Alijibu vizuri. Lakini aliacha kuja Ijumaa.

Ijumaa moja akarudi, kwa sababu baba alimfuata mlangoni. Chapati zililiwa kwa shida. Kisha baba akasogeza kiti mbele. Alikuwa amesoma kwamba wanasiasa wa Jamaika wameahidi tena kumwondoa Malkia, na nadhani aliupeleka ugomvi ule mezani jinsi unavyompelekea mgonjwa chakula alichokuwa akikipenda.

"Miss Merlene," alisema, "nimesoma wanataka kumwondoa tena. Mimi nimefikiri. Labda mmwache tu. Hana ubaya."

Miaka yote ile ya kubishana, na akampa ushindi hivyo, bure. Mama aliacha kutoa vyombo.

"Wamwondoe," alisema mgeni wetu. "Au wamwache. Wewe ulikuwa ukigombania nchi ya Nyambura, na mimi nilikuwa nikigombania nchi ya Simone. Sasa mimi sina wa kumwachia."

Baba akammiminia chai. Yeye akakisukuma kikombe mbali naye.

"Na hili la Miss Merlene limetoka wapi?"

Mama akaangalia chini. "Tuliona tusikuumize."

"Mkakaa mkakubaliana?"

"Ndiyo."

"Watu wa jamhuri nyinyi," alisema, na nusura atabasamu. "Malkia mwondoeni mkitaka. Mimi ni Mama Simone. Hilo halipigiwi kura."

Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani ataomba msamaha kwa Kiingereza, lugha ya ugomvi wao siku zote, lakini alitumia Kiswahili chetu. "Pole, Mama Simone," alisema.

"Abee," akaitika, vile mama alivyomfundisha, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia.